Isale la Mwalimu Mkuu

Wiki iliyopita nilikuwa mjini, katika ofisi moja yenye viyoyozi na watu wanaonong'ona, nikakuta isale limepandwa kwenye chungu cheupe karibu na kochi la wageni. Walikuwa wamelifunga utepe mwekundu kiunoni. Nikamuuliza dada wa mapokezi lile ni la nini.

"Pambo tu," akasema. "Wanasema linasafisha hewa."

Nilicheka mpaka mlinzi akageuka. Nilitamani kumweleza yule dada, ila maelezo yangeanzia kwenye bakuli la mtori, yapitie mpakani Holili ambako hatukuwahi kufika, na kuishia kwenye jino. Nikaona bora ninyamaze, nikakaa karibu na kile chungu, nikashika jani moja, na utoto wote ukanirudia mkononi.

Kama ulikulia mlimani kama mimi, huhitaji kuelezwa isale. Kama hukukulia huko, ni mmea wa majani marefu membamba, wa kijani mwaka mzima, ambao tangu enzi na enzi unaonyesha kihamba cha babu yako, shamba la ukoo, kinaishia wapi na cha jirani kinaanzia wapi. Na ndio unaobebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha au kusihi jambo zito. Anakata jani, analipiga fundo, analipeleka kwa mikono miwili. Aliyepelekewa haruhusiwi kukataa. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini, hadi bibi yangu akawa ananiita Kwanini hata mbele ya mchungaji. Nilihoji kwa nini ng'ombe hanywi maziwa yake mwenyewe, na kwa nini Mungu anaombwa mvua wakati tayari inanyesha. Lakini hili la isale sikulihoji hata mara moja. Lilikuwa kama jiwe: ukilirusha, linashuka.

Rafiki yangu wa dawati na wa njiani aliitwa Haika. Kihamba chao na chetu vilitenganishwa na safu ya masale, nasi tulikuwa tumetoboa kijia katikati yake kwa kupitapita. Baba yake aliongoza wapanda mlima. Likizo moja alipata wageni wa nchi ya mbali, mume, mke na binti yao wa rika letu. Mume alitaka kilele. Binti alikuwa mdogo mno kwa safari hiyo na mama yake akakataa kumwacha, basi mume alipopanda na wagumu, wapagazi wetu, wakambebea mizigo, mama na binti walibaki nyumbani kwa akina Haika.

Jina la binti lilitushinda. Bibi alilijaribu mara moja, akakohoa, akatangaza, "Huyu ni Manka. Sina ulimi wa kupoteza." Akawa Manka. Hakujua Kiswahili, nasi hatukujua lugha yake, jambo ambalo halikutuzuia kugombana vizuri kabisa kuhusu nani akae mbele tunapoteleza kwenye gogo la mgomba. Alijifunza kusema "shikamoo", akawa anawaamkia mbuzi. Siku moja, katikati ya bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi, jino lake la mbele likang'oka. Alianza kulia, kisha akatuona tumekenua mapengo yetu kwa fahari, akaacha. Tukamtoa nje. Haika akamwonyesha jinsi inavyofanywa, kwamba unaipa nyumba mgongo, unarusha jino juu ya bati, unaomba jipya. Manka akarusha. Likagonga, ti, likabingirika, likatulia huko juu. Akaomba kwa lugha yake.

"Bibi," niliuliza, "bati linaelewa lugha hiyo?"

"Bati linaelewa jino," akasema Bibi.

Waliondoka Manka akiwa na pengo. Baadaye picha zikaja kwenye simu ya Baba Haika. Kulikuwa na ya paka, na ya theluji iliyomwagwa hadi mlangoni, na moja ya Manka jikoni kwao, nyuma yake pazia la maua ya njano. Kisha picha zikakoma, kwa sababu vita vilianza.

Sitaitaja nchi. Nimeona kwamba ukiitaja, watu huchagua upande kabla hujamaliza sentensi, na baada ya hapo hakuna anayemsikiliza Manka. Sisi tulitumwa chumvi dukani, na televisheni ya dukani ilikuwa inaonyesha ghorofa lililokatika katikati, jiko la mtu likiwa wazi kama kabati lililosahauliwa. Pazia lilikuwa linapepea nje. Haika alilitazama mpaka muuza duka akabadilisha stesheni.

"Lile la Manka lilikuwa la njano," akasema tulipokuwa njiani. "Lile halikuwa la njano. Au lilikuwa la njano?"

Sikukumbuka rangi. Nilisema halikuwa la njano.

Haika alikuwa na sauti kubwa kuliko zote shuleni. Asubuhi mstarini yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na watu wa ng'ambo ya bonde walisema wanapanga saa zao kwa koo lake. Wiki ile aliacha. Viranja walimsukuma, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nyumbani, baba yake alikamua ng'ombe kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Kila ujumbe aliowatumia wazazi wa Manka ulikwenda ukakaa bila jibu.

Kwa kuwa shule ndiyo mahali tulipoambiwa majibu yanapatikana, niliuliza shuleni. Mwalimu wa maarifa ya jamii akasema, "Hayo hayamo kwenye mtihani." Nikauliza kwa nini hayamo. Kipindi kilichobaki nilikimaliza nje ya mlango. Wakati huohuo wavulana walikuwa wamejigawa pande mbili na kila mapumziko walipigana vita kwa maparachichi yaliyooza, ambayo kwetu yalikuwa hayana mwisho. Hawakujua nani anapigania nini, ila shabaha walikuwa nayo. Parachichi moja likakosa adui, likamkuta Mwalimu Mkuu kwenye shati jeupe.

Mwalimu Mkuu wetu alitoka Kagera, upande wa mpakani. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye haki, na tayari alikuwa amegombana na mlima mzima kuhusu ndizi. Alidai sisi tunaziharibu kwa kuzichanganya na kila kinachopita. Bibi, aliyekuwa akipeleka maziwa ya chai ya walimu, alimjibu kwamba wao wanazila kavu kwa sababu wamesahau kukamua. Walipendana sana kwa njia hiyo. Lakini siku ya parachichi hakuwa na utani. Alisimama mstarini na doa lake la kijani kifuani.

"Kuanzia leo neno vita lisisikike katika eneo hili. Shule si redio."

Wengine walipumua. Haika aliinamisha kichwa.

Basi nikafanya utafiti wangu mwenyewe. Mjomba alikuwa mfanyabiashara wa Holili, pale mpakani, na maneno yake yalikuwa "mzigo umetoka nje", "huko nje bei imepanda". Nje, basi, ilikuwa upande wa pili wa Holili. Na redio ilisema vita viko nje. Hesabu ilikubali. Nilimpeleka Haika kwenye mwinuko nyuma ya kanisa, ambako siku ya mwanga mzuri unaona tambarare yote hadi inapofifia, na kweli, upande wa Himo, kwenye njia ya Holili, palikuwa na moshi. Leo najua mtu alikuwa anachoma mabua ya mahindi. Siku hiyo nilisema, "Wako pale."

Haika akafumbua mdomo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Ni kuteremka tu," akasema.

Tukabeba ndizi mbivu kwenye kanga, na sweta langu la zamani kwa ajili ya Manka. Mimi nikakata majani mawili ya isale, moja kwa kila mkubwa wa vita, nikayapiga mafundo. Nilikuwa na uhakika usio na doa. Wakubwa hao walikuwa hawajaombwa vizuri, basi. Tukiwafikishia isale watanuna, watalipokea, watakwenda nyumbani. Hawaruhusiwi kukataa.

Tulikuwa tumeteremka vya kutosha kuona lami ya kwenda Himo tulipokutana na Baba Haika anapanda, mabuti yake ya mlimani yakining'inia shingoni.

"Ninyi, mnakwenda wapi na ndizi zangu?"

"Holili," akasema Haika.

"Kufanya nini?"

"Kumchukua Manka. Na huyu anakwenda kusimamisha vita."

Alinitazama. Aliyatazama majani yangu. Kisha akacheka, kicheko kilichomlazimu kuweka mabuti chini, na sisi, bila kujua tunacheka nini, tukacheka naye. Alipomaliza alikaa kwenye jiwe, akafuta macho, akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

"Ukivuka Holili unakuta watu wanauza vitunguu kama sisi," akasema. "Alipo Manka ni mbali, mama. Ni ndege, na bahari, na ndege nyingine."

"Sasa mbona shule haikutuambia?" akauliza Haika.

Swali hilo halikuwa langu. Nasisitiza, kwa sababu miaka yote watu wamenipa mimi sifa yake. Mimi niliuliza kila kitu, na watu walikuwa wamezoea kunipita kama kelele za maji. Haika hakuwa mtu wa kuuliza. Baba yake alikaa na lile swali, akamenya ndizi, akaila yote, akasema, "Twendeni nyumbani. Kesho nitakwenda mimi."

Jioni ile wazazi kadhaa walikaa uani kwetu kunywa chai. Baba mmoja alisema watoto waachwe watoto. Mama mmoja akamjibu kwamba mwanawe analala chini ya kitanda, je, huo ndio utoto? Wakakubaliana waende pamoja, wamwombe Mwalimu Mkuu aruhusu jambo hilo lizungumzwe darasani, kwa ramani, kwa upole, na mtu mzima akiwepo. Ndipo Bibi akatoa kichwa jikoni.

"Mmegombana naye kwa ndizi, mmemchafulia shati, halafu mnakwenda mikono mitupu? Bebeni isale."

Asubuhi habari ilikuwa imetutangulia bondeni. Kila mtoto alikuja na jani, mengine yana mafundo mazuri, mengine yamefungwa kama kamba za viatu, na mdogo mmoja wa darasa la kwanza alikuja na mmea mzima, mizizi na udongo wake. Tukajipanga uwanjani, wazazi nyuma yetu, Bibi na ndoo yake ya maziwa pembeni. Ilikuwa kama sikukuu. Mwalimu Mkuu akatoka ofisini, akaona msitu ule unatembea kuelekea kwake, akasimama ghafla.

"Nani amewatuma kuweka mipaka?" akapaza sauti. "Hapa haitoki hata hatua moja! Hati za kiwanja ninazo!"

Tulikuja kumsihi, yeye alidhani tumekuja kuimega shule. Kumbe jirani wa upande wa mtoni alikuwa anautaka uwanja wa mpira kwa muda mrefu, na kule kwao Kagera mmea ule una kazi moja, kukaa mpakani.

"Mwalimu," akasema Bibi, "nani anautaka uwanja wako wa matope?"

Kicheko kilianzia kwa wazazi, kikaja mbele, kikafika hadi kwa walimu waliokuwa wanajizuia mlangoni. Mwalimu Mkuu hakucheka. Baba Haika akasogea, akamwamkia, akamweleza isale ni nini kwetu na tumelileta kuomba nini. Kisha Haika akatoka mstarini. Alikuwa mdogo mbele ya yule mtu mrefu. Akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Mwalimu, tunaomba tuzungumze. Rafiki yetu yuko huko."

"Kwetu jani hili halibebwi," akasema Mwalimu Mkuu taratibu. "Linapandwa tu."

Hapo, mbele ya shule nzima, niliona tundu kwenye isale. Yule mtu hakuijua sheria. Angeweza kugeuka, arudi ofisini, na mbingu isianguke. Na kama yeye, mla ndizi mwenzetu, alikuwa hajui, wale wakubwa wa vita wangejuaje? Nilihisi mlima umesogea chini ya miguu yangu. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, nimebishana na wahadhiri hadi wakachoka, na sidhani kama nimewahi kufikiri kwa kasi kama nilivyofikiri kabla hajanyoosha mkono.

Maana aliunyoosha. Akalipokea jani kwa mikono miwili, kama alivyoliona linaletwa. Sisi tusingeweza kukataa. Yeye aliweza, na hakukataa. Nilikuwa mdogo, ila tofauti hiyo niliiona.

"Nilikuwa na umri wenu vita vilipofika kwetu," akasema.

Hakupaza sauti, ikabidi tusogee. Alituambia mama yake alifunga ndizi zilizopikwa kwenye majani ya mgomba, wakatembea na watu wengi. Mbuzi wao mkaidi, aliyekuwa hakubali kuongozwa hata kwenda majini, aliwafuata safari nzima bila kamba, akilalamika kama abiria aliyelipa nauli. Tukacheka, na safari hii alicheka pia. Kisha akasema vita vilipokwisha alirudi shuleni, na dawati la jirani yake lilikuwa tupu.

"Mwalimu wetu akafungua kitabu, ukurasa uleule tulioishia," akasema. "Hakulitaja jina lake. Nikadhani ndivyo walimu wanavyofanya."

Aliligeuza jani. "Ingieni darasa la saba. Wote. Mtakaokosa nafasi, madirishani."

Ramani ya dunia ilikuwa imechanika kona ya chini, kiranja akaishikilia. Mwalimu Mkuu akaweka kidole kwetu, akakipeleka, akakipeleka tena, kikapita Holili haraka kiasi kwamba niliona aibu kidogo, kikavuka maji, kikasimama. Akatuambia anachokijua, bila kuchagua upande na bila kutisha. Mkono wa kwanza kupanda haukuwa wangu.

"Manka yuko hai?" akauliza Haika.

Nilimtazama Mwalimu Mkuu nikisubiri lile jibu la watu wazima, la omba Mungu na usome kwa bidii. Aliitazama ramani kama mtu anayetafuta nyumba moja.

"Sijui," akasema. "Sijui, Haika. Ila leo jina lake limetajwa hapa, na tutalitaja mpaka tujue."

Sikuwahi kumsikia mwalimu akisema hajui. Sijui kwa nini neno hilo lilitupa nguvu kiasi kile. Tuliuliza mpaka chai ikapoa, na Bibi, aliyekuwa dirishani, akauliza naye kama kule wana migomba. Mwisho Mwalimu Mkuu akatuamuru tupande masale yetu kwenye ukingo wa uwanja wa mpira, upande wa mtoni, "kwa kuwa mmeyaleta." Sisi tulikata majani tu, hatukuleta mizizi, ila yule wa darasa la kwanza alikuwa tayari, na wake ukashika. Jirani hakuudai tena uwanja. Na maparachichi yaliliwa na nguruwe, kwa sababu kila mvulana aliyeokota moja sasa aliulizwa na wasichana, "Wewe ni upande upi, na kwa nini?" Hakuna aliyeweza kujibu.

Kesho yake Haika aliimba mstarini. Hakuimba kwa sauti yake yote. Watu wa ng'ambo ya bonde, nadhani, walichelewa kidogo.

Sitakudanganya kwamba isale lilivuka bahari. Vita havikusikia habari zetu. Viliendelea, na tangu hapo vimekuja vingine, navyo vina televisheni zake na mapazia yake. Kila Ijumaa ramani ilishushwa, Haika akauliza, Mwalimu Mkuu akasema sijui, tukaendelea.

Mpaka siku moja, katikati ya kipindi cha hesabu, Baba Haika alipotokea mlangoni anahema kama mtu aliyekosea njia ya mlimani. Hakuomba hata ruhusa. Alinyoosha simu. Kulikuwa na picha moja, bila maneno. Ilionyesha chumba kisicho na pazia lolote, na mtoto mwenye koti kubwa kuliko yeye.

Nilikuwa yule yule. Nikasema, "Tutajuaje kama si picha ya zamani?"

Haika aliivuta simu karibu hadi pua ikagusa kioo. Kisha koo lile, lote, lile la kupangia saa, likarudi.

"Limeota!" akapiga kelele. "Jino limeota!"

Na kweli. Manka alikuwa amekenua, na palipokuwa na pengo palikuwa na jino jipya, kubwa, limekaa upande kidogo. Pengo lile tulilijua sisi, tulikuwa tumelisindikiza hadi barabarani. Mwalimu Mkuu alikuja mbio kuuliza nani ameumia. Nikamweleza habari za mtori na bati, maneno yakigongana. Alivaa miwani, akalitazama lile jino kwa makini kuliko nilivyowahi kumwona akitazama mtihani wowote, akatoka, akaenda akapiga kengele mwenyewe. Aliipiga ovyo, kwa nguvu, saa isiyo yake. Madarasa yote yakamwagika uwanjani yakiuliza kuna nini, na Haika akawa anawajibu mmojammoja, akikimbia huku na huko, "Limeota! Limeota!" mpaka na wasiojua chochote wakawa wanaimba.

Bibi alikuwa anapita na ndoo yake. Nikamkimbilia kumwambia. Hakushangaa hata kidogo.

"Nilikwambia," akasema. "Bati linaelewa jino."

Nilifungua mdomo kuuliza kwa nini. Haika akanivuta mkono, nikaenda kucheza.